Boga Bora Lisifike Sokoni

Bustani ya mama mkubwa wangu pale Mkuyuni inaanzia mlangoni mwa jiko na kuishia kwenye mteremko wa migomba. Julai iliyopita nilifika na kikapu kitupu na hamu ya boga. Lilikuwapo moja lililonivuta macho: rangi ya kahawia iliyofifia, mbavu zake zimejipanga sawasawa, uzito wa kumlemea mtoto. Nikainama kulichuma, ndipo nikaona kipande cha kanga kuukuu kimefungwa kwenye shina, karibu kabisa na kikonyo.

"Hilo acha, mwanangu," mama mkubwa alisema bila kuinua uso kutoka kwenye ungo wa maharage aliokuwa akipepeta. "Hilo la mbegu. Chukua yale mawili ya pembeni."

Yale mawili yalikuwa madogo, na moja lilikuwa na kovu. Niliyachukua, yakapikwa kwa nazi, tukala tukashiba. Lakini kipande kile cha kanga kimekaa kichwani mwangu tangu siku ile, kwa sababu wengi wetu tunafanya kinyume chake. Boga zuri kuliko yote linapakiwa kwenye bodaboda kwenda Soko la Chifu Kingalu mjini Morogoro. La pili kwa uzuri linaingia chunguni. Mbegu tunazitoa kwenye lililobaki, lile dogo lililochelewa, lile ambalo hata mnunuzi alilikataa. Tukifanya hivyo misimu mitano mfululizo, tunaanza kulalamika kwamba maboga ya siku hizi yana maji tu, hayana ladha ya yale ya bibi. Hatukuibiwa ladha hiyo. Tuliiuza wenyewe, boga moja baada ya jingine.

Ninaandika makala haya kusema jambo moja: boga bora la bustani lisifike sokoni wala chunguni mpaka mbegu yake iwe imehifadhiwa. Wahenga walisema mpanda ovyo hula ovyo, na hakuna zao linaloithibitisha methali hiyo upesi kama boga.

Tuanze na majina, maana hapo wengi hupotea. Katika nchi zenye majira manne, wakulima hugawa maboga mafungu mawili. Kuna ya majira ya joto, yanayochumwa na kuliwa yakiwa machanga, kama zukini. Na kuna ya majira ya baridi, yanayoachwa yakomae, ganda likauka, yakawekwa ndani ili kaya ile wakati theluji imefunika mashamba. Mtu wa Mkuyuni akisoma maneno hayo kwenye pakiti ya mbegu anaweza kudhani kwamba fungu la pili hupenda baridi. Sivyo. Yote mawili hupenda joto; la pili limepewa jina kwa majira ya kuliwa, si ya kupandwa. Sisi ambao hatuna theluji tunayatofautisha kwa umri tu: changa na lililokomaa. Mpishi wa Kiswahili anajua siku nyingi kwamba boga changa hupikwa kama mumunye, na lililokomaa huchemshwa, huungwa nazi, au huingia kwenye futari mwezi wa Ramadhani.

Jambo la pili la kujua ni ukoo. Maboga yanayolimwa sana duniani yanatoka katika jamii tatu, na unaweza kuzitambua kwa kushika kikonyo tu. Jamii ya kwanza, ambamo zukini imo, ina majani yanayochoma ngozi na kikonyo kigumu chenye kona. Ya pili ina kikonyo cha duara, laini kama kizibo cha chupa. Ya tatu ina kikonyo kigumu chenye kona tano, kinachopanuka pale kinapokutana na tunda kama mguu wa kuku uliokanyaga, na mara nyingi majani yake yana mabaka meupe. Hii ya tatu ndiyo inayovumilia joto na unyevunyevu kuliko wenzake, na boga la mama mkubwa limo humo. Upande huu wa mashariki wa Milima ya Uluguru hupokea mvua inayosukumwa na upepo wa Bahari ya Hindi, hewa ni nzito, ukungu wa majani hauishi. Aliyechagua mbegu hii hakuingia darasa la sayansi ya mimea, lakini alichagua sawa.

Jamii zote tatu ni za kigeni. Katika pango la Guilá Naquitz, jimbo la Oaxaca nchini Mexico, wanaakiolojia walipata mbegu za boga zenye umri wa takriban miaka 10,000. Afrika ilikuwa na mumunye na kibuyu; boga lilivuka bahari baada ya safari za Wazungu kwenda Amerika kuanza mwaka 1492. Vizazi vya akina mama waliolipanda milimani, wakaonja, wakatupa lisilofaa na kuhifadhi lililofaa, ndivyo vilivyolifanya kuwa la Uluguru. Kazi hiyo ya kuchagua ndiyo tunayoiacha sasa.

Kulima boga hakuna siri kubwa, na ndiyo maana hata jalalani hujiotea. Lakini boga la kujiotea na boga la kulelewa hayafanani. Chimba shimo lenye upana na kina cha kama sentimita 40, ujaze samadi iliyooza vizuri na udongo wa juu. Panda mbegu tatu, kina cha sentimita 2 au 3, usizirundike pamoja. Siku ya tano mpaka ya kumi zitachomoza. Zikishakuwa na majani mawili ya kweli, bakiza miche miwili yenye nguvu. Boga linalotambaa lipewe nafasi ya mita 2 au 3 kutoka shimo hadi shimo. Zukini, ambayo husimama kama kichaka, mita moja yaitosha. Zukini huanza kuchumwa baada ya siku 50 hivi, na usipoichuma ikiwa na urefu wa kiganja, kesho kutwa imekuwa rungu. Boga la kukomaa linataka miezi mitatu hadi minne.

Kwa boga la mbegu, msimu una maana kubwa. La vuli hukomaa katikati ya joto na manyunyu, likaoza upesi. Linalopandwa mwishoni mwa Machi au Aprili huanza kutoa maua masika yanapopungua, likakomaa Julai wakati wa kipupwe, siku kavu zenye ubaridi, ganda likawa gumu kama ubao. Jaribio lake liko kidoleni: bonyeza ganda kwa ukucha. Ukucha ukizama, bado. Ukiteleza na kikonyo kikawa kimekauka, limeiva. Likate ukiacha kikonyo kirefu kama kidole, maana boga lililong'oka kikonyo lina kidonda, na kidonda hukaribisha uozo.

Kati ya shimo na ukucha kuna asubuhi moja ambayo nataka kila mwenye bustani aishuhudie. Amka kabla jua halijachomoza, uende kwenye maboga yako na taa. Maua dume yamesimama kwenye vijiti virefu vyembamba. Maua jike yameketi chini, kila moja juu ya kiboga kidogo mfano wa kokwa, ambacho kitakuwa tunda au kitanyauka na kuanguka, kutegemea kitakachotokea katika saa tatu au nne zijazo. Mwanga unapoingia, maua yanafunguka, na nyuki wanaanza kazi wakiwa wamejaa unga wa njano mpaka miguuni. Kabla ya adhuhuri maua yamejifunga na hayafunguki tena. Mtu anayepulizia dawa ya wadudu saa mbili asubuhi amewaua wafanyakazi wake mwenyewe kazini. Ikiwa huna budi kupulizia, ngoja jioni maua yakiwa yamelala.

Nyuki, hata hivyo, hachagui ukoo. Anatoka kwako anaenda kwa jirani na kurudi, na katika vitongoji vya Mkuyuni ambako nyumba na mashamba vimekaribiana, boga lako zuri linaweza kuchavushwa na boga baya la jirani. Tunda utakalokula halitabadilika, lakini mbegu zake zitakuwa za mchanganyiko. Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Jioni, tafuta ua jike na maua dume mawili kutoka mashina mengine ya mbegu hiyohiyo, yale yaliyoanza kuwa na rangi ya njano nchani, maana ndiyo yatakayofunguka kesho. Yafunge ncha kwa uzi. Asubuhi chuma ua dume, litoe petali, fungua ua jike, lipake chavua taratibu, kisha lifunge tena lisiingiliwe na nyuki. Weka alama. Kipande cha kanga kinatosha.

Habari njema ni kwamba jamii ile ya zukini haichanganyiki kwa urahisi na ile ya boga la asili, kwa hiyo mwenye nyumba anaweza kulima yote mawili bustani moja. Kinachoharibu ni maboga mawili tofauti ya jamii moja.

Na hapa nikiri kosa langu. Miaka michache nyuma nilinunua mjini pakiti ya mbegu za zukini. Zilizaa vizuri sana; nilikula, nikagawa, nikauza kwa mama lishe. Nikaacha moja ikomae, nikatoa mbegu, nikazipanda msimu uliofuata bila kununua nyingine. Hakuna mashina mawili yaliyofanana. Moja lilisimama, jingine likatambaa mpaka kwenye choo. Tunda moja lilikuwa refu la kijani, jingine la duara na jeupe. Nilikuwa nimepanda mbegu chotara, ambayo ni mtoto wa wazazi wawili tofauti. Kizazi chake cha kwanza ni kimoja na kizuri, lakini kizazi cha pili hutawanyika, kila mtoto akimfuata babu yake. Pakiti ilikuwa imeandika neno hilo kwa herufi ndogo, nami sikulisoma.

Silaumu mbegu chotara. Kijana anayelima zukini za kuuza hotelini anahitaji matunda yanayofanana na yanayokuja kwa wakati, na pakiti inamfaa. Ninachokataa ni kaya nzima kuiacha mbegu inayojirudia kwa ajili ya mbegu inayonunuliwa kila msimu. Usiache mbachao kwa msala upitao. Duka likifunga, bei ikipanda, au njia ya kwenda mjini ikikatwa na mvua, boga la kanga bado lipo.

Namna ya kuihifadhi mbegu hiyo ni hii. Boga lililochumwa liache ndani wiki tatu au nne zaidi, maana mbegu huendelea kujaa ndani ya tunda hata baada ya kukatwa. Kisha lipasue, onja nyama yake kabla ya yote. Kama si tamu, lipikie mifugo, usipande. Na kama boga, zukini au mumunye lolote lina uchungu, tema na ulitupe lote pamoja na mbegu zake: uchungu huo ni sumu ya asili ya mimea hii, na kupika hakuiondoi. Likiwa zuri, osha mbegu ukizisugua mpaka utelezi utoke, chagua zilizojaa, zianike kwenye ungo kivulini, usizianike kwenye bati. Baada ya wiki mbili au tatu jaribu kuikunja moja. Ikipinda, bado ina maji. Ikivunjika kwa mlio, iko tayari kuwekwa kwenye chupa kavu au kibuyu chenye kizibo, mbali na moshi na jua. Mbegu ya namna hiyo hudumu miaka minne na zaidi. Kabla ya kupanda, viringisha kumi kwenye kitambaa kibichi. Zikiota nane, huna wasiwasi. Na usitegemee boga moja pekee. Changanya mbegu za mashina matano au sita mazuri, ili ukoo usidhoofike.

Zukini nayo, ukiwa na mbegu isiyo chotara, hufuata njia hiyohiyo, ila watu hukosea kitu kimoja: hutoa mbegu kwenye tunda la kula. Tunda la kula ni mtoto mchanga. La mbegu lazima liachwe shinani mpaka liwe kubwa, gumu na la njano, hata kama linakupa huruma.

Kwa nini nishughulike hivi na zao ambalo hata wakubwa wa kilimo huliita la pembeni? Kwanza, kwa sababu ya watoto. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba karibu watoto 3 kati ya 10 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Shina moja la boga hulisha nyumba tangu mwezi wa pili wa maisha yake: majani yanayomenywa nyuzi na kupikwa kwa karanga, maua, matunda machanga, kisha boga lenyewe, na mwisho mbegu za kukaanga. Nyama yake ya rangi ya chungwa ina kile ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na mwili hukipokea vizuri kikiliwa na mafuta. Bibi zetu waliotia tui la nazi kwenye boga na karanga kwenye majani yake walikuwa wamekwishamaliza mjadala huo.

Pili, kwa sababu ya mlima. Maji ya Uluguru yanaingia Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaonywesha Dar es Salaam. Udongo unaoporomoka kwenye mteremko wa Mkuyuni hauishii Mkuyuni. Serikali ya kikoloni iliwahi kulazimisha wananchi wa milima hii kukata matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito, na katika sehemu nyingi ngazi zilifukua udongo wa chini usio na rutuba. Mwaka 1955 watu wa Matombo, njia hii hii ukiipita Mkuyuni, walikataa waziwazi. Polisi walifyatua risasi, mtu akafa, na mpango wenyewe ukafa pia. Sidai kwamba boga litafanya kazi ya matuta. Nadai kwamba jani pana la boga lililotambaa katikati ya mahindi na maharage huvunja nguvu ya tone la mvua kabla halijagonga ardhi, na hakuna aliyewahi kulazimishwa kulipanda.

Tatu, kwa sababu ya akina mama. Waluguru huhesabu ukoo kwa mama, na ardhi ya ukoo hufuata njia hiyo. Shamba la mama mkubwa lilitoka kwa mama yake, na mbegu ya boga ilitoka hukohuko. Ardhi tumeiandalia mikutano, mipaka na mashahidi. Mbegu imebaki kwenye kichwa cha bibi mmoja, na siku akiondoka, inaondoka naye.

Morogoro haina kisingizio. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kipo hapa tangu 1984. Taasisi ya Kuthibiti Ubora wa Mbegu, TOSCI, makao yake makuu yako hapa. Wakala wa Mbegu za Kilimo nao uko hapa. Sheria zetu za mbegu zinatambua Mbegu za Daraja la Kuazimiwa, anazozalisha mkulima mwenyewe kwa ukaguzi wa TOSCI na kuwauzia wakulima wa eneo lake. Mpango huo umesaidia mazao kama mahindi na maharage. Naomba uulizwe swali hili: kikundi cha akina mama wa Mkuyuni wakitaka kuuza mbegu ya boga lao kwa jirani zao wa Kinole na Kiroka, nani atawashika mkono kutoka fomu ya kwanza mpaka pakiti ya mwisho? Halmashauri ya Wilaya inaweza kulijibu kwa gharama ndogo kuliko semina moja.

Wanafunzi wa Sokoine nao, wanaopanda mlima kila mwaka kwa mafunzo ya vitendo, waandike maboga haya: rangi yake, ladha yake, mwezi wa kupandwa, na jina la kitongoji yalikotoka. Shule za msingi zina bustani tangu siku za Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967. Ziwe na siku moja ya mbegu kila Agosti, kila mtoto alete mbegu kumi kutoka kwao na arudi na kumi za mwenzake. Na pale viwanja vya Nanenane, tunapomzunguka mtu mwenye boga kubwa kuliko yote na kumpiga picha, tumwandalie zawadi mtu mwingine: yule atakayeweza kusema mbegu yake imetoka kwa nani, imepandwa misimu mingapi, na kwa nini aliichagua.

Lakini yote hayo yatakuja au hayatakuja. Kinachowezekana leo kiko jikoni. Msimu ujao, kabla bodaboda haijafika, pita bustanini, tazama shina lililokataa ukungu, lililozaa mapema, ambalo boga lake lina umbo unalolipenda. Lifunge kitambaa. Waambie watoto lisiguswe. Akija mgeni na kikapu, mpe yale ya pembeni, hatalala njaa.

Nilipokuwa naondoka Mkuyuni Julai ile, mama mkubwa alinifungia kitu kwenye kona ya gazeti. Nilidhani ni chumvi ya kulia boga njiani. Nilipofungua mjini, zilikuwa mbegu saba nyeupe, kavu, za boga la mwaka uliotangulia. Nimezipanda. Sasa maboga yapo manne, na moja nimelifunga kitambaa. Majirani wameanza kuuliza bei yake. Nimewaambia warudi mbegu zikishakauka, waje na mikono mitupu, wazichukue.